Barua ya Vijana Isilale Mezani

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Februari, katika vyuo vya nchi nyingi duniani, wanafunzi wachache wasiolipwa hata senti moja huacha mapumziko yao wakaandaa mkutano wa kuwaadhimisha wanawake waliolitumikia somo la kemia. Huandika barua za kuomba ukumbi, huwafuata walimu mmoja mmoja kuwaomba watoe mada, huchangishana fedha za chai na maandazi, hubeba viti kwa mikono yao wenyewe, na mkutano ukisha wao ndio wanaobaki kufagia. Leo tumeona vyema kulisemea jambo hilo, kwa kuwa lina funzo kwetu sisi wananchi wa visiwa hivi, na lina funzo kubwa zaidi kwa wale miongoni mwetu waliokabidhiwa meza, mihuri na funguo za kumbi za umma.

Hapana shaka wako watakaouliza: je, visiwa vyenye haja ya maji, dawa, madawati na barabara vina nafasi gani ya kushughulika na mkutano wa wanafunzi juu ya wanawake na kemia? Hilo ni swali la haki, nalo lastahili jibu la haki. Jibu letu ni kwamba maji hayo, dawa hizo, na hata bei ya zao analolivuna mkulima wetu baharini na shambani, vyote hupita katika mikono ya mkemia kabla havijamfikia mwananchi. Na kwa kuwa nusu ya watoto wetu ni wasichana, taifa linalowaacha nje ya maabara limejikata mkono mmoja kabla ya kuanza kazi.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba mikutano hii haikuzuka tu. Mwaka 2011 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kemia, nao uliangukia miaka 100 tangu Marie Curie, mzaliwa wa Warsaw, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Januari ya mwaka huo mwanakemia wa Australia, Mary Garson, aliongoza wito wa kuwataka wanawake wa fani hiyo katika nchi mbalimbali wakutane siku moja, kila kundi mahali pake, kwa kifungua kinywa na mazungumzo. Mwaka 2019, Shirikisho la Kimataifa la Kemia Halisi na Kemia Tumizi lilipotimiza miaka 100, wito huo ulifufuliwa, na tangu hapo umekuwa desturi ya kila mwaka. Katikati ya matukio hayo mawili, mwezi wa Desemba 2015, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza tarehe 11 Februari kuwa siku ya kimataifa ya wanawake na wasichana katika sayansi. Kwa hiyo mwanafunzi anayegonga mlango wa ofisi akiomba ukumbi mwezi huo hakuja na mchezo. Amekuja na jambo ambalo mataifa yamekwisha kulikubali.

Wako pia wanaosema: kwa nini wanawake peke yao? Sayansi, wasema hao, haina mume wala mke. Maneno hayo yana sura njema, lakini historia inayakanusha. Marie Curie alizaliwa mwaka 1867 katika nchi ambayo chuo kikuu hakikumpokea msichana, akalazimika kwenda Paris kusoma. Mwaka 1898 yeye na mumewe Pierre walivumbua elementi mbili, poloniamu na radiamu. Mwaka 1903 alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Hata hivyo, Januari 1911 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilikataa kumpokea kuwa mwanachama, na mwishoni mwa mwaka ule ule akatunukiwa tuzo ya pili, safari hii ya kemia. Kama kweli sayansi haikujua mume wala mke, mlango ule ulifungwa kwa ajili gani?

Tuendelee na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Baada ya Marie Curie, mwanamke wa pili kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia alikuwa binti yake, Irène Joliot-Curie, mwaka 1935. Wa tatu alikuwa Mwingereza Dorothy Hodgkin, mwaka 1964, aliyeonyesha umbo la ndani la penisilini na la vitamini B12. Wa nne alikuwa Ada Yonath wa Israeli, mwaka 2009. Kati ya mmoja na mwingine ilipita miaka 24, kisha 29, kisha 45. Lakini baada ya hapo mambo yakabadilika: Frances Arnold alitunukiwa mwaka 2018, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna mwaka 2020, na Carolyn Bertozzi mwaka 2022. Kwa jumla hao ni wanawake 8 kati ya karibu watu 200 waliopata tuzo hiyo tangu ilipoanza mwaka 1901. Wanne walipatikana katika karne nzima, na wanne wengine katika muda wa miaka mitano tu. Akili za wanawake hazikuongezeka ghafla katika miaka hiyo mitano. Kilichoongezeka ni milango iliyo wazi. Hata hivyo bado si mingi, kwani kwa hesabu za UNESCO, katika kila watafiti watatu wa sayansi duniani, mwanamke ni mmoja tu.

Lakini tusiende mbali tukasahau nyumbani kwetu. Wapo wazazi wengi visiwani humu ambao watoto wao wako hai leo kwa sababu ya kazi ya mwanamke mmoja ambaye hawajapata kulisikia jina lake. Jina hilo ni Tu Youyou, Mchina, mtaalamu wa kemia ya dawa. Mwaka 1967 Serikali ya China ilianzisha mpango wa kutafuta dawa mpya ya malaria, baada ya klorokwini kuanza kushindwa. Bibi huyo na wenzake walipekua vitabu vya waganga wa kale na kukusanya maelezo ya dawa za asili zaidi ya 2,000. Mmea mmoja, pakanga ya Kichina, ulionyesha dalili njema, kisha ukawaangusha: leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Akarudi kitabuni. Katika maandishi ya mganga aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita aliona kwamba mmea huo uliloweshwa katika maji na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akatambua kwamba moto ndio ulioharibu kiini cha dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na katika miaka ya 1971 na 1972 dawa ikapatikana. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuinywa, ili ijulikane kama ni salama. Hakuwa na shahada ya udaktari, wala hakusomea ng'ambo. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto, zenye asili yake katika uvumbuzi huo, mwaka 2003, kwa sababu klorokwini ilikuwa imeshindwa kwetu kama ilivyoshindwa kwingine. Pamoja na vyandarua na upigaji wa dawa majumbani, malaria ilishuka mno katika miaka iliyofuata, ingawa adui huyo hurudi kila apewapo mwanya. Wananchi wa umri wetu wanakumbuka wodi za watoto zilivyokuwa kabla ya hapo. Basi vijana wanapoandaa mkutano wa kuwakumbuka wanawake wa aina hii, wanalipa deni letu sote, na sisi tulio wakubwa tunapaswa kuona haya kwamba wao ndio waliolikumbuka kwanza.

Iko hoja nyingine, nayo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba haya ni mambo ya kigeni, na mwanamke wa Kiislamu wa visiwani hana haja nayo. Sisi tuliokaa mkekani chuoni na ubao wa kuandikia mapajani kabla ya kukalia dawati la skuli ya Serikali twaikataa hoja hiyo kwa nguvu zetu zote. Masheikh wetu walitufunza kuwa amri ya kwanza iliyoshuka ilikuwa amri ya kusoma, na kuwa kutafuta elimu ni faradhi. Jina lenyewe la kemia limepitia katika Kiarabu kabla ya kufika Ulaya, na neno alkali halikadhalika. Jabir bin Hayyan ameenziwa kwa karne nyingi kuwa miongoni mwa mababa wa elimu hii, na al-Kindi, katika karne ya 9, aliandika kitabu juu ya kutengeneza manukato. Na kabla yao wote, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mabamba ya udongo ya nchi ambayo leo ni Iraki yaliandika jina la Tapputi, mwanamke mtengeneza manukato wa jumba la mfalme. Mmoja katika wanakemia wa kwanza kabisa wanaojulikana kwa jina ni mwanamke, na kazi yake ilikuwa marashi!

Ni nani visiwani humu asiyejua kazi hiyo? Bibi zetu wanaopika udi hupima sukari, moto na mafuta kwa jicho lisilokosea. Wanaokanda hina hutia ndimu ili rangi ikolee. Wanaolowesha muhogo mchungu kabla ya kuuanika huondoa sumu ya sianidi, ingawa hawaiti hivyo. Wanaofukia makumbi ya nazi katika matope ya pwani kwa miezi, hata nyama yake ikaoza na nyuzi zikabaki za kusokota kamba, wanatumia bakteria na maji ya chumvi kama fundi atumiavyo zana. Hiyo yote ni kemia. Kilichokosekana ni daftari la kuyaandika hayo, maabara ya kuyapima, na mtu wa kumwambia binti kwamba elimu ya bibi yake na elimu ya mwalimu wake ni mto mmoja.

Na hapa ndipo penye maslahi ya uchumi wetu. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanzishwa Unguja mwaka 1989, wanawake ndio waliokishika, wakisimama katika maji ya bahari tangu bamvua hadi bamvua. Mwani huo hukaushwa na kusafirishwa ukiwa mkavu, kisha viwanda vya ng'ambo huutoa karajinani, kitu kinachogandisha na kuzitia uzito aiskrimu, dawa ya meno na vyakula vingi vya kopo. Sehemu kubwa ya fedha hubakia kule ulikotolewa utomvu huo, wala si kule ulikopandwa. Joto la bahari nalo limeiathiri aina yenye bei nzuri zaidi, na wakulima wengi wamebakia na ile ya bei ndogo. Mtafiti Flower Msuya, aliyeshughulikia mwani wa visiwa hivi kwa miaka mingi, ametuonyesha kwamba mwanamke wa sayansi anaweza kuingia majini pamoja na mkulima, akatafuta naye njia ya kupanda katika maji marefu zaidi na ya kuongeza thamani kwa sabuni na bidhaa nyingine. Mmoja kama yeye hatoshi. Twahitaji kumi, twahitaji ishirini, nao wako leo katika madarasa ya Makunduchi, Mkoani, Micheweni na Nungwi.

Vivyo hivyo karafuu. Kiwanda cha Wawi, Pemba, hupitisha mvuke katika makonyo na kutoa mafuta ambayo kiini chake ni eujenoli, ile ile ambayo daktari wa meno huichanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Zao letu la fahari lina kemia ndani yake. Swali ni hili: nani ataifanya kemia hiyo, na katika nchi ya nani?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo lililotusukuma kuandika. Chama chetu kimetufunza kujikosoa kabla ya kukosoa wengine, nasi hatutaki kuwa mbali na mafunzo hayo. Miaka kadhaa iliyopita, tukitumikia katika ofisi moja ya umma, barua ya wanafunzi wa kike ilifika mezani petu. Waliomba mambo matatu: ukumbi kwa siku moja, viti 40 na kipaza sauti. Tuliandika pembeni, "Ionwe na mhusika," tukaona tumefanya kazi. Barua ikaenda kwa mhusika, naye akaandika ipelekwe kwa mwingine. Yule mwingine alitaka ipitie kwa wa kwanza. Ikarudi mezani petu, ikakaa chini ya mafaili. Idhini ilipotoka, siku yenyewe ilikuwa imekwisha kupita. Hakuna hata mmoja wetu aliyewakatalia vijana wale. Tuliwashinda kwa kuwachelewesha.

Lakini mkutano wao ulifanyika. Siku ile tulipita njia kwa gari tukawaona chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina, wenzao wamekaa juu ya majamvi. Msichana mmoja alikuwa na chupa za maji ya rozela. Alitia ndimu katika moja, wekundu ukawaka. Alitia magadi katika nyingine, rangi ikageuka kijani. Watoto wa mtaa waliokuwa wakipita walisimama kutazama, na mama mmoja mwenye kapu la samaki akasimama nao. Hatukuteremka. Tumelikumbuka jambo hilo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara tumejiona sisi ndio tuliokosa mkutano, wala si wao.

Kwa hiyo basi, tunatoa rai zifuatazo kwa wahusika wote.

Kwa watendaji wa Serikali, kuanzia maofisini hadi kwa masheha, tunasema: barua ya vijana wanaojitolea ijibiwe ndani ya siku saba, kwa ndiyo au kwa hapana. Hata hapana iliyokuja mapema ina heshima kuliko ndiyo iliyokuja baada ya siku. Kumbi za umma zilijengwa kwa jasho la umma, na vijana hawa ni umma.

Kwa wanaosimamia elimu, tunasema: Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo ili mtoto wa mnyonge asizuiwe mlangoni. Wakati huo visiwa havikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na leo vipo. Lakini mlango wa skuli ukiwa wazi na mlango wa maabara ukiwa na kufuli, ahadi ile imetimizwa nusu. Chupa za kemikali zinazozeeka kabatini kwa kuogopwa kuvunjika hazimfundishi mtu. Na mwalimu anayemwambia msichana achukue masomo mepesi kwa kuwa kemia ni nzito, huyo naye ni kufuli.

Kwa taasisi zinazohitaji wataalamu hawa, kama Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Taasisi ya Viwango, na mamlaka za maji, chakula na dawa, tunasema: nendeni kwenye mikutano hiyo mkawaonyeshe wasichana kazi iliyopo. Visima vya pwani vinavyoingia chumvi vinahitaji wa kuvipima. Uchumi wa buluu tunaoutangaza hautajengwa kwa maneno. Utajengwa na watu wanaojua kilichomo ndani ya maji hayo ya buluu.

Na kwa vijana wenyewe, tunawapa heko, tena heko ya dhati, lakini mpenzi hasemi sifa peke yake. Mkutano usiwe sare za vitenge, picha na vyeti, watu wakaagana. Utoeni mjini, upelekeni shamba na Pemba. Mkulima wa mwani mwalikeni akae mbele kuwa mtoa mada, asiwekwe mlangoni kuuza sabuni. Wavulana nao waitwe, kwani atakayekuwa baba, mume na mkubwa wa ofisi kesho ni yule anayekaa nao darasani leo. Na kila mkutano uache kitu nyuma: skuli moja iliyofanyiwa majaribio, daftari moja lililoandikwa maarifa ya bibi mmoja, msichana mmoja aliyesema, "Mimi pia." Aidha, wasitoe muda wa kujitolea kwa kuuiba katika masomo yao. Atakayesimama kuwasifu wanakemia naye afaulu kemia.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wanafunzi wamekwisha kutoa kidole chao bila ya kuombwa na bila ya kulipwa. Kilichobaki ni chetu sisi tulio nyuma ya meza. Februari nyingine itakuja, na barua nyingine italetwa na msichana aliyeiandika usiku baada ya kumaliza masomo yake. Naomba tuipokee kwa mikono miwili, tuisome siku ile ile, na tumpe ufunguo wa ukumbi. Na safari hii, tuteremke garini, tuingie, tukae.